Kilio Huanza Mfiwa: Umma na Maandamano ya Tabianchi

Ijumaa ya tarehe 14 Oktoba 2022, vijana wawili wa kikundi cha Just Stop Oil waliingia National Gallery mjini London wakiwa na makopo ya supu ya nyanya. Waliimwagia picha ya alizeti aliyoichora Vincent van Gogh, wakajipaka gundi viganjani na kujibandika ukutani chini yake. Picha ilikuwa imekingwa kwa kioo, haikupata hata doa. Kilichodhurika ni fremu. Miaka miwili baadaye mmoja wao alihukumiwa kifungo cha miaka miwili, na mwenzake miezi 20. Huku kwetu Afrika Mashariki, video ile ilipofika kwenye simu, swali la kwanza nililolisikia halikumhusu Van Gogh wala mafuta. Jamaa mmoja aliuliza kwa uchungu wa kweli: supu yote ile, kwa nini wasiteremshie chapati?

Alikuwa anatania, lakini alifanya kile kile walichofanya Waingereza wenyewe. Vijana wale walitaka nchi ijadili leseni mpya za kuchimba mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini. Nchi ikajadili supu.

Suala lenyewe lina watu wengi nyuma yake. Watafiti waliowahoji watu karibu 130,000 katika nchi 125, wakachapisha matokeo yao mwaka 2024, walikuta kwamba 89 kati ya kila 100 wanataka serikali zao zifanye zaidi kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na 69 wako tayari kutoa asilimia moja ya kipato chao kwa kazi hiyo. Walipotakiwa kukisia ni wenzao wangapi wangekubali kutoa, jibu la wastani lilikuwa 43. Kila mtu anajiona amekaa peke yake uwanjani, kumbe majukwaa yamejaa.

Kwa hiyo umma unapowazomea wanaharakati wa tabianchi, ni uvivu kusema haujali. Kuna kitu unakipima. Nimefuatilia matukio haya Ulaya na hapa kwetu kwa miaka kadhaa, na ninachokiona ni mizani ile ile ya msibani. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Watu wanataka kujua huyu anayepiga ukunga amefiwa nini, na ukunga wake unamgharimu nani. Akishindwa kulijibu hilo kwa vitendo, hata akiwa na takwimu zote za wanasayansi, ataonekana mwombolezaji wa kukodiwa.

Kituo cha treni cha Canning Town, mashariki mwa London, kinalionyesha jambo hili kuliko mahali pengine popote. Aprili 2019 kikundi cha Extinction Rebellion kilikuwa kimefunga daraja la Waterloo na makutano ya Oxford Circus kwa siku kadhaa. Waliegesha mashua ya rangi ya waridi katikati ya barabara, wakapanga miti ya vyungu darajani, wakapiga muziki. Zaidi ya watu 1,000 walikamatwa, wengi kwa hiari yao. Waliokereka walikuwapo, ila wapita njia wengi waliyachukulia kama tamasha. Tarehe 1 Mei Bunge la Uingereza likapitisha hoja ya kutangaza dharura ya tabianchi, na mwezi uliofuata nchi ikajifunga kisheria kufikia sifuri halisi ya gesijoto ifikapo mwaka 2050.

Ikaja Oktoba. Asubuhi ya tarehe 17, saa ya watu kwenda kazini, wanaume wawili wa kikundi hicho hicho walipanda juu ya paa la treni Canning Town. Ule ni mtaa wa watu ambao wengi wakichelewa wanakatwa mshahara. Treni yenyewe ni ya umeme, yaani usafiri ule ule ambao mwanaharakati wa tabianchi angetamani kila mtu autumie. Abiria waliwarushia vyakula na vinywaji, kisha wakamvuta mmoja kwa miguu hadi akaangukia kwenye umati. Ndani ya kikundi chenyewe wengi walikuwa wameupinga mpango huo kabla haujatekelezwa, na walioutekeleza walijua hilo.

Mkazi wa Dar es Salaam akiisikia habari hii anaweza kushangaa kitu kingine. Sisi tunasimamishwa barabarani nusu saa, mara nyingine zaidi, tukisubiri msafara wa mkubwa upite. Konda anashuka, anaegemea mlango, anapiga soga na wenzake. Mama mwenye ndoo ya samaki anaitazama barafu ikiyeyuka. Hakuna anayemvuta mtu kwa miguu. Foleni ile ina mwenye nguvu nyuma yake, na mwenye nguvu haulizwi. Mwandamanaji hana king'ora, ndiyo maana hasira za foleni zote za maisha humwishia yeye.

Wajerumani walipitia hayo kwa kipimo kikubwa zaidi. Kikundi cha Letzte Generation kilianza mwaka 2022 kujigandisha kwa gundi kwenye lami, na magazeti yakawapa jina la wanagundi wa tabianchi. Shirika la More in Common lilikuwa likiwauliza Wajerumani kama wanaliunga mkono vuguvugu la tabianchi kwa ujumla wake. Mwaka 2021 waliosema ndiyo walikuwa asilimia 68. Mwaka 2023 walikuwa 34. Waliopoteza kura zile si wanagundi peke yao. Walipoteza pia wanafunzi wa Ijumaa, waliofuata mfano wa Greta Thunberg wa kuacha shule kila Ijumaa na kukaa nje ya bunge, ambao hawakuwa wamemzuia mtu yeyote asifike kazini.

Watafiti wa Amerika ya Kaskazini, Matthew Feinberg na Robb Willer pamoja na mwenzao, walilieleza jambo hili mwaka 2020 kama mtego: vitendo vikali ndivyo vinavyomfanya mwanaharakati aonekane, na vitendo hivyo hivyo ndivyo vinavyomfanya mtu wa kawaida ajitenge naye. Watu hukiona kitendo kuwa cha utovu wa adabu, hujisikia hawafanani na aliyekitenda, basi humnyima uungaji mkono. Maelezo hayo yanatosheleza kabisa yaliyotokea Canning Town.

Ila hayatoshelezi kila kitu. Novemba 2022 Just Stop Oil walipanda juu ya milingoti ya barabara kuu ya M25 inayoizunguka London na kusimamisha magari kwa siku nne. Watafiti waliowahoji watu wale wale kabla na baada ya wiki hiyo waliona kitu ambacho wengi hawakukitarajia: waliolisikia sana jina la Just Stop Oil walizidi kuliunga mkono shirika jingine, Friends of the Earth, ambalo ni la upole na linafanya kazi za barua, mikutano na kesi. Atakayeshangaa hajawahi kununua kitu Kariakoo. Muuzaji wa kwanza akikutajia 50,000, wa pili anayesema 30,000 unamwona mtu wa Mungu, hata kama bei halali ni 20,000.

Historia nayo haiwapi raha wanaodhani kuchukiwa ni kushindwa. Mwaka 1963, wiki chache kabla ya maandamano ya Washington ya kudai haki za Weusi, ambayo leo kila mtoto wa shule Marekani hufundishwa kuyaheshimu, kura ya maoni ya Gallup ilionyesha kuwa kati ya Wamarekani waliokuwa wameyasikia, asilimia 60 hawakuyapenda. Na katika National Gallery ile ile ya supu, Machi 1914, Mary Richardson aliikatakata kwa shoka dogo picha ya Venus ya Velázquez akidai haki ya wanawake kupiga kura. Alichukiwa nchi nzima. Miaka minne baadaye wanawake wa Uingereza waliofikisha miaka 30 na kutimiza masharti ya mali wakaanza kupata kura hiyo. Wanaharakati wa leo wanaipenda mno hadithi hii. Kila anayezomewa hujiona Martin Luther King. Wanasahau kwamba Richardson alikuwa mwanamke asiye na kura, na kijana mweusi wa Marekani aliyekaa kwenye mkahawa wa Wazungu alikuwa anadai kiti kile kile alichokikalia. Walikuwa wafiwa. Mtu wa London mwenye shahada anayemzuia fundi bomba asiende kazini, kwa niaba ya vizazi vijavyo, ana safari ndefu zaidi ya kueleweka.

Serikali ya Uingereza ilizisoma hasira hizo vizuri, ikatunga sheria za kubana maandamano mwaka 2022 na nyingine mwaka 2023. Julai 2024 watu watano walifungwa kwa kupanga, kwa njia ya kikao cha mtandaoni, yale ya M25: Roger Hallam miaka mitano, wenzake minne minne. Mahakama ya rufani ilimpunguzia Hallam hadi minne. Huko hata baadhi ya waliowachukia walianza kuguna kwamba adhabu imepita kiasi. Machi 2025 Just Stop Oil wakatangaza kuacha vitendo vyao, wakisema dai lao la kusitisha leseni mpya za mafuta na gesi limekuwa sera ya serikali. Hilo la leseni ni kweli. Kama sera ilitokana na supu, au Chama cha Labour kingeifikia hata bila supu, hapo watu hawataelewana hata siku moja.

Ukija pwani hii ya dunia, swali hubadilika. Kule raia huuliza: kwa nini umenichelewesha? Hapa huulizwa: nani kakutuma? Neno lenyewe, mwanaharakati, limeshapata harufu ya posho, semina na fulana za bure. Tanzania liliongezewa uzito na neno mabeberu, lililotumika sana enzi za Rais Magufuli, na limebaki midomoni. Watawala hulipenda swali hilo kwa sababu linawaepusha na la pili, yaani kama anachokisema mtu huyo ni kweli. Hata hivyo sitaki kujifanya kwamba limezuliwa na watawala peke yao. Mwananchi wa kawaida amewaona watu wengi wakilia kwenye misiba isiyo yao.

Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, alilipata swali hilo mapema. Mwaka 1989 aliandika barua kila alikodhani kuna sikio kupinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kumeza sehemu ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Wabunge walimkejeli kwa talaka yake na kumwona kibaraka wa wageni. Shirika lake la Green Belt likafukuzwa kwenye ofisi za serikali. Wafadhili wa jengo walipojitoa, mradi ukafa. Miaka kumi baadaye, tarehe 8 Januari 1999, alipigwa na wahuni akijaribu kupanda mti katika msitu wa Karura, ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa wenye kujuana. Akaenda polisi, akaitia saini taarifa yake kwa damu ya kichwani mwake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani, na mwezi Agosti Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Kufikia Karura swali la nani kakutuma lilikuwa limekosa nguvu. Wakenya walikuwa wanaujua unyakuzi wa ardhi kwa macho yao, na huyu mama alikuwa ameulipia kwa ngozi yake.

Katikati ya matukio hayo mawili kuna jingine, ambalo kwangu ndilo linaloamua mjadala wote wa mbinu. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, Maathai akiwa pamoja nao, walianza mgomo wa kutokula kwenye kona ya Uhuru Park. Siku chache baadaye polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi, na baadhi ya akina mama wale wazee wakavua nguo. Aprili 2015 wanawake wazee wa Kiacholi walifanya vivyo hivyo kaskazini mwa Uganda, huko Apaa katika wilaya ya Amuru, mbele ya mawaziri wawili waliokuja na habari za mipaka ya ardhi. Kwa kipimo chochote, mama mzee kuvua nguo mbele ya askari wa umri wa mwanawe ni jambo zito kuliko kumwaga supu kwenye kioo. Ni kufuru, ni laana. Na hakuna aliyeuliza mama huyu ana maana gani. Kila aliyezaliwa na mwanamke alielewa. Ukali wa kitendo peke yake hauwafukuzi watu. Kinachowafukuza ni kitendo kisichokuwa na lugha yao.

Lamu, kwenye pwani ya Kenya, ilifundisha upande mwingine, wa kushinda bila kumkera mtu barabarani. Na barabara zenyewe mji ule wa kale hauna, una vichochoro na punda. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, kwenye ekari 975, kwa gharama ya dola bilioni 2. Makaa yangeanza kwa kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Muungano wa wenyeji, Save Lamu, ulishirikiana na kampeni ya deCOALonize ya Nairobi, lakini mazungumzo yaliendeshwa barazani, na yalihusu samaki, mikoko, maji ya visima na mapafu ya watoto. Tabianchi ilitajwa mwishoni, ikitajwa. Watu hawakuwa na kauli moja pia: wapo waliotaka ajira, na wapo wenye mashamba Kwasasi waliokuwa wakisubiri fidia kwa hamu. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Mazingira la Kenya lilifuta leseni iliyotolewa na mamlaka ya mazingira mwaka 2016, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na sheria ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Mwaka uliofuata benki kubwa ya China, iliyotarajiwa kutoa mkopo, ikajiondoa.

Wanaharakati wa nje huisimulia Lamu kama ushindi wa tabianchi. Wavuvi niliowahi kuzungumza nao huisimulia kama ushindi wa bahari. Nadhani wavuvi wako karibu zaidi na sababu ya kushinda. Tabianchi haina anwani. Huwezi kuichukia wala kuipenda. Ghuba ya Manda, wanakovua, ina anwani.

Mfano wa Mtwara unazidi kulitia mkazo hilo, na wageni wanaoandika habari zetu huupita bila kuuona. Vurugu kubwa kuliko zote zilizowahi kutokea Tanzania kuhusu mafuta au gesi zilikuwa za Mei 2013, na hazikupinga uchimbaji hata kidogo. Watu wa Mtwara walikataa gesi yao kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam kabla wao hawajaonja faida. Nenda leo ukawaambie gesi ile ibaki ardhini kwa ajili ya dunia. Hawatakuwa na haja ya kukuuliza nani kakutuma, watakuwa wamekwisha kujijibu.

Hapo ndipo penye ugumu wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambazo zaidi ya 1,100 ziko Tanzania. Wanaolipinga wana hoja nzito kuhusu hali ya hewa, fidia za ardhi na maji. Lakini Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio la kuwasema Waganda na Watanzania, na kuitaka kampuni ya TotalEnergies isubiri mwaka mzima ichunguze njia nyingine, liliwapa watawala zawadi. Naibu Spika wa Uganda, Thomas Tayebwa, alilishutumu kama ukoloni mamboleo, na watu wasio na mapenzi yoyote na serikali yake wakatikisa kichwa kukubali. Wangefanyaje? Chini ya mwaka mmoja baadaye serikali ya Uingereza ilitangaza leseni zaidi ya 100 za kuchimba Bahari ya Kaskazini. Waliolipia azimio lile ni wanafunzi wa vyuo vya Kampala. Wakiandamana hawafiki mbali. Wanakamatwa, wanashtakiwa kwa kuleta kero kwa umma, na wengine wamelala Luzira. Umma unaodaiwa kukerwa haujawahi kuulizwa.

Na msiseme Waafrika Mashariki hawapendi maandamano. Juni 2024 vijana wa Kenya waliisimamisha Nairobi kwa ajili ya Muswada wa Fedha, na sehemu kubwa ya nchi iliwashangilia, maduka yakiwa yamefungwa na matatu hazitembei. Ndani ya muswada ule kulikuwa na tozo ya mazingira, iliyogusa nepi, matairi na simu. Wiki chache tu kabla, mafuriko yalikuwa yameua mamia ya watu nchini humo, wakiwamo wa Mai Mahiu. Kwa hiyo taifa lililotoka kuzika waliosombwa na maji liliingia barabarani, na neno mazingira lilikuwa upande wa watoza ushuru. Hakuna kikundi cha tabianchi kilichoweza kuwaambia vijana wale kwamba Mai Mahiu na tozo ile ni habari moja.

Mtu wa makamo, London au Tanga, ukimuuliza wanaharakati wafanye nini badala ya kufunga barabara, atakujibu jambo lile lile: waende mahakamani. Wapinzani wa bomba la Hoima walikwenda. Novemba 2020 mashirika manne ya kiraia, moja likiwa la Tanzania, yalifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Ilikaa miaka mitatu. Tarehe 29 Novemba 2023 majaji waliitupilia mbali bila kugusa hoja ya maji, ya ardhi wala ya tabianchi, kwa maelezo kwamba mkataba wa Jumuiya unampa mlalamikaji miezi miwili tu tangu jambo litokee, na kesi ile ingepaswa kufunguliwa mwaka 2017.